Mwenge ukikesha kwetu, twende na watoto wetu

Kuna neno likitamkwa kijijini, watoto hawalali: mkesha. Likitangazwa kwamba mwaka huu Mwenge wa Uhuru utalala kata yenu, habari inafika shuleni kabla ya kufika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wadogo wanauliza kama moto ule unaunguza. Wakubwa wanauliza nguo. Wazazi wanaulizana kwa macho tu, maana kila mmoja anajua swali lililobaki: watoto waende au wasiende?

Mzazi mwenzangu wa Kipatimu, Nandete, Kivinje au Masoko, leo tuzungumze juu ya usiku huo. Si usiku mdogo. Watu wa miji mikubwa duniani wana sherehe zao za taa, na wengine wanasafiri kwa ndege kwenda kuziona. Sisi ya kwetu inatufuata mlangoni. Lakini nyumba nyingi hazijui zifanye nini nayo. Nyumba moja inafunga mlango na kuwanyima watoto. Nyumba ya pili inafungua mlango na kuwaacha waende wenyewe, warudi watakaporudi. Leo naitetea nyumba ya tatu: inayokwenda pamoja, inayojua inakwenda kuona nini, na inayojua saa ya kurudi.

Kwanza, mtoto ajue anachokwenda kuona

Mtoto ukimpeleka kwenye jambo asilolijua, ataona watu, vumbi na spika. Ukimsimulia kabla, ataona zaidi. Wala hadithi hii si ndefu, unaweza kuimaliza mkiwa mnamenya mihogo.

Mwaka 1959 nchi yetu ilikuwa bado inatawaliwa na Waingereza. Mwalimu Julius Nyerere, akizungumza katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, alisema Watanganyika wangependa kuwasha mwanga na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro, uwamulike hata walio nje ya mipaka na kuwapa tumaini. Wakati ule yalikuwa maneno tu. Miaka miwili baadaye yalitimia. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, nchi ilipopata Uhuru, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera mpya na Mwenge kwenye kilele cha Kilimanjaro. Kilele hicho Wajerumani walikuwa wamekipa jina la mfalme wao. Tangu hapo kinaitwa Uhuru.

Mbio za Mwenge zilianza mwaka 1964. Mpaka leo Mwenge huzunguka nchi nzima, Bara na Visiwani, ukipita halmashauri zote. Siku hizi mbio hizo huhitimishwa tarehe 14 Oktoba, siku tunayomkumbuka Mwalimu, aliyefariki tarehe hiyo mwaka 1999. Mwaka 2020 mbio zilisitishwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mwaka ule sasa ni kijana, mkumbushe.

Kama babu bado ana sarafu ya zamani ya shilingi moja, mwombe aitoe. Upande mmoja una picha ya Mwalimu, upande wa pili una mkono ulioshika mwenge. Kisha mtoto aitafute Nembo ya Taifa kwenye daftari au kwenye barua ya serikali: sehemu ya juu ya ngao ina mwenge unaowaka. Akishauona kwenye sarafu na kwenye nembo, siku atakapouona wenyewe ukipita mbele yake, hatakuwa mgeni.

Kwetu giza lina historia yake

Kwa mtoto wa milima ya Matumbi kuna sura nyingine ya hadithi hii, nayo ni yetu kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Mwezi Julai 1905, pale Nandete, Wamatumbi waling'oa pamba waliyokuwa wakilimishwa kwa nguvu na Wajerumani. Hapo ndipo Vita vya Majimaji vilipoanza, vikasambaa kusini yote. Vilipogeuka kuwa vya kuchomewa vyakula na nyumba, watu walitafuta pa kujificha. Pango la Nang'oma, kule Nandembo, ni moja ya maficho hayo. Familia ziliingia humo na watoto wao. Ndani ya pango mtu hapendi mwanga. Mwanga ukionekana, adui anajua mlipo.

Mweleze mwanao hivyo, kwa maneno mepesi. Mwambie: wazee wa wazee wetu walikaa gizani ili wasionekane. Leo katika milima hiyohiyo watu wanaitwa usiku, wasimame kuuzunguka moto mmoja, waonekane, wacheze ngoma. Mtoto wa miaka tisa anaelewa jambo hilo vizuri sana, huenda kuliko hotuba yoyote atakayoisikia usiku ule.

Siku za baadaye, mchana, mpeleke Nandete aone mnara wa kumbukumbu. Kama njia ya kwenda Nang'oma mnaijua na mna mwenyeji wa kuwaongoza, mwonyeshe na mdomo wa pango. Usimwingize ndani bila mwenyeji na tochi.

Wenzetu nao

Wakati mwingine mtu wa kijijini anadhani sherehe ya mwanga ni ya watu wa mjini wenye umeme mwingi. Sivyo. Zilizo kubwa zilianzia kwenye madirisha ya watu wa kawaida.

Katika mji wa Lyon, Ufaransa, tarehe 8 Desemba 1852, wakazi walijipanga kusherehekea sanamu ya Bikira Maria iliyowekwa juu ya kilima cha mji wao. Hali ya hewa ikachafuka, sherehe ikawa hatarini kuvunjika. Jioni mawingu yakafunguka, watu wakawasha mishumaa madirishani mwao, mji mzima ukang'aa. Hadi leo kila Desemba Lyon ina sherehe ya taa, na wageni humiminika kutoka kila pembe ya dunia. Ilianza na mshumaa kwenye dirisha la mama wa nyumbani.

Karibu zaidi, Dar es Salaam, ukipita Kisutu wakati wa Diwali utaona familia za Kihindu zimewasha taa ndogo milangoni. Wakristo wetu wanajua mkesha wa Pasaka, kanisa linapokuwa giza kisha moto mmoja unapita kutoka mshumaa hadi mshumaa mpaka kila uso unaonekana. Waislamu wetu wanazijua nyusiku za kumi la mwisho la Ramadhani, msikiti unapowaka taa hadi alfajiri na watoto wanagombania kukaa karibu na baba.

Na ukitaka sherehe ya taa isiyo na kiingilio wala hotuba, shuka pwani siku za giza, mwezi ukiwa haupo. Ukisimama ufukweni Kivinje au Somanga usiku wavuvi wa dagaa wako kazini, taa zao zinapangana baharini kama mji uliozaliwa jioni. Mtoto wa mlimani ambaye hajawahi kuona jambo hilo hatalisahau.

Kisha mwambie na hili, maana watoto wanapenda kujua: taa za Dar es Salaam zenyewe zina mkono wa Kilwa. Gesi iligunduliwa Songosongo mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 inapita bombani kwenda Dar es Salaam kuzalisha umeme. Mtoto wa Kilwa asijione mshamba mbele ya taa za mjini.

Sasa tuseme lile tunaloliogopa

Wazazi wanaofunga mlango hawafungi kwa ubaya. Wana sababu. Mkesha unakusanya watu wengi, wengine wageni wa kata, usiku kucha, na pombe haiko mbali. Kila mkoa utasikia wazee wakisema kwamba miezi tisa baada ya mkesha kuna watoto wanaozaliwa bila baba. Wapo wanaotumia sababu hiyo kusema mbio zenyewe zifutwe. Hilo ni la wakubwa wa nchi kulijadili. La kwetu sisi ni binti aliye nyumbani leo, na kijana aliye nyumbani leo.

Tuseme ukweli: hatari haiko kwenye moto wa Mwenge. Iko nyuma ya vibanda, kwenye njia ya kurudia, na kwenye pikipiki ya mtu usiyemjua. Na hatari hiyohiyo ipo kwenye ngoma, kwenye harusi, kwenye kigodoro na kwenye mpira unaoonyeshwa kibandani. Binti uliyemfungia usiku wa Mwenge bila kumwambia neno, hujamlinda na siku nyingine mia tatu na ushee. Umemlinda usiku mmoja tu, tena kama hakutoka dirishani.

Kwa hiyo zungumza naye. Wengi wetu hatuwezi kuanza. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

"Mama, wenzangu wote wanaenda mkeshani. Naomba na mimi niende."

"Utakwenda, mwanangu. Tutakwenda wote. Lakini kaa hapa kwanza, tuambizane."

"Kwenda na nyie? Wenzangu watanicheka."

"Watacheka, kisha watakuja kukaa kwenye mkeka wetu kwa sababu sisi tuna chai. Sasa niambie: mtu akikuambia njoo nikununulie soda kule nyuma, utafanyaje?"

"Nitakataa."

"Akiwa unamfahamu? Akiwa ni mtu mnayemheshimu?"

Hapo ndipo mtoto ananyamaza, na hapo ndipo penye kazi. Wengi wanaowadhuru watoto si wageni. Mwambie waziwazi kwamba heshima kwa mkubwa haina maana ya kumfuata gizani. Mwambie anaruhusiwa kusema hapana, kupiga kelele, na kukimbilia kwenye mwanga. Na mwambie kwamba akikuletea habari mbaya hutampiga. Usipomwahidi hilo, hatakuambia.

Kama ulimi wako mzito, tumia watu wetu. Bibi yupo, shangazi yupo, na binti aliyechezwa unyago ana somo wake. Mila zetu zilijua zamani kwamba kuna maneno mama mzazi anayaonea haya. Mwite somo mapema, wiki moja kabla, siyo jioni ya mkesha binti akiwa tayari ameshika kioo.

Usimsahau kijana wa kiume

Tunamfungia binti, tunamwachia kijana. Kijana wa miaka kumi na sita anatoka saa 12 jioni, anarudi kesho yake saa 4 asubuhi, na hakuna anayemuuliza. Halafu mimba ikitokea kwa jirani tunasema binti wa jirani hakulelewa.

Kijana naye ana hatari zake: pombe, bangi, ugomvi, kupakizana mishikaki kwenye bodaboda ya mtu aliyelewa. Tena ana wajibu wake. Baba, hili ni lako. Mwite, mkae wawili, mwambie sheria inasemaje. Tangu Sheria ya Elimu iliporekebishwa mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anaweza kwenda jela miaka 30. Na binti aliye chini ya miaka 18 hata akisema alikubali, asidhani neno hilo litamwokoa mahakamani.

Lakini usiishie kwenye jela. Mwambie kwamba dada zake na wenzake wa darasani wakiwa mkeshani, yeye ni mmoja wa watu wa kuwafikisha nyumbani salama. Kijana akipewa kazi ya heshima, mara nyingi anaibeba. Akipewa vitisho tu, anatafuta pa kupitia.

Shule ikiwapeleka wanafunzi

Mara nyingi wanafunzi hupelekwa kuupokea Mwenge, kuimba au kucheza. Hilo ni jema, nao wanajivunia. Ila mzazi una haki ya kuuliza maswali manne kwa heshima, tena kabla ya siku yenyewe. Watoto wataondoka saa ngapi na kurudi saa ngapi? Walimu wangapi watakuwa nao, na kuna mwalimu wa kike? Watakula nini? Kazi yao ikiisha, watakabidhiwa kwa nani?

Swali la mwisho ndilo kubwa. Mtoto akimaliza kuimba saa 2 usiku akaambiwa "haya, nendeni nyumbani", hapo yuko peke yake katika umati. Kubalianeni: mzazi au ndugu mnayemwamini atakuwa pale kumpokea kwa mkono. Kamati ya shule inaweza kulipitisha jambo hili kwa kikao kimoja kifupi.

Namna ya kwenda

Usiku wa mkesha una mpangilio wake. Mwenge unapokelewa eneo la mkesha, viongozi wanasalimia, ujumbe wa mwaka unasomwa, kisha burudani zinaanza: ngoma, kwaya, muziki. Asubuhi Mwenge unaondoka kuendelea na safari. Kwa familia yenye watoto, uzuri mkubwa upo mwanzoni. Ya usiku wa manane ni ya watu wazima.

Kwa hiyo gawaneni kwa umri. Watoto wa chini ya miaka kumi waone mapokezi, waone moto kwa karibu, wasikilize ngoma mbili tatu, na saa 3 usiku wawe wanarudi na mtu mzima mmoja. Walio wakubwa kidogo wabaki na mzazi wa pili hadi saa mliyokubaliana. Saa 5 inatosha. Mtu asikudanganye kwamba mkesha lazima ukeshwe. Aliyeona saa mbili akiwa macho ameona mengi kuliko aliyelala juu ya gunia hadi alfajiri.

Kama ni mama au bibi peke yako, ungana na majirani. Kaya tatu, mkeka mmoja, watu wazima wanne. Mmoja akienda chooni na mtoto, wengine wapo. Hivyo ndivyo tulivyozoea kuishi, wala hatuhitaji semina.

Chagueni alama ya kukutania mara tu mnapofika: mwembe, ofisi ya kijiji, duka lenye taa. Isiwe gari wala kibanda cha muuza chipsi, maana hivyo vinahama. Mtoto mdogo andikiwe namba ya simu ya mzazi kwenye karatasi, iingie mfukoni. Simu yako iwe na chaji tangu mchana, na tochi ya akiba iwepo. Kama mnarudi kwa bodaboda, dereva awe mnayemfahamu na mkubaliane naye mapema. Abiria mmoja, na kofia ngumu kichwani.

Milimani kuna baridi usiku. Nguo za mikono mirefu zinasaidia mara mbili, kwa baridi na kwa mbu, kwa kuwa malaria haijatuhama. Mtoto mchanga asikae karibu na spika. Wanaoishi vijiji vilivyo jirani na hifadhi wanajua pia habari ya tembo. Huko msitembee kwa miguu usiku wawili wawili. Rudini kwa kundi, au laleni kwa ndugu mpaka kuche.

Pesa nayo ipangwe. Mtoto aambiwe kabla ya kutoka: "Una shilingi elfu moja, ukiimaliza imeisha." Anajifunza kuchagua kati ya karanga na puto. Chukueni chai kwenye chupa, mihogo ya kuchemsha na machungwa yetu. Si lazima kila kitu kinunuliwe pale.

Vitu vya kufanya pamoja pale

Msikae tu kusubiri msanii. Mwenge huja na mabanda, na baadhi yake yana faida kwa familia. Mara nyingi kuna upimaji wa malaria na virusi vya Ukimwi, kuna kuchangia damu. Baba akichangia damu mbele ya mtoto wake, mtoto ameona somo zima la uraia bila ubao. Mwambie damu ile itamwokoa mama anayejifungua, pengine hapahapa hospitali ya misheni Kipatimu.

Mpeni kila mtoto kazi ya kurudi nayo. Mmoja ahesabu ngoma za aina ngapi zimechezwa. Mwingine amuulize bibi ile ngoma inaitwaje na ilichezwa lini zamani. Wa tatu asikilize ni mradi gani umezinduliwa au umewekewa jiwe la msingi katika kata. Huyo wa tatu mpe kazi ya ziada: baada ya miezi sita mrudi naye kuangalia kama kisima kinatoa maji na kama darasa limeezekwa. Mtoto akizoea kufuatilia kilichoahidiwa mbele ya moto ule, tumemlea raia.

Na wewe mzazi, weka simu chini kidogo. Piga picha mbili, inatosha. Moto wa Mwenge kwenye simu unatoka kama kijidoa cheupe. Kinachobaki kwa mtoto ni kwamba baba alimpandisha mabegani ili auone.

Likitokea baya

Naliandika na hili, bora tulijue tusilihitaji kuliko kulihitaji tusilijue.

Mtoto akipotea, mmoja abaki kwenye alama mliyopanga, mwingine aende jukwaani watangaze, wa tatu awaambie askari au viongozi wa kijiji. Msitawanyike wote kumtafuta.

Mtoto akifanyiwa ukatili wa kingono, usianze na kikao cha ukoo wala maneno ya fidia. Mpeleke hospitali mara moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinafanya kazi zikianzwa mapema, ndani ya saa 72, na saa za kwanza ndizo bora zaidi. Asioge kabla ya kuonwa na daktari, na nguo alizovaa zisifuliwe. Zifungwe kwenye karatasi au kitambaa safi. Polisi watatoa fomu ya PF3, na palipo na dawati la jinsia na watoto ombeni kuhudumiwa hapo. Simu ya msaada kwa watoto ni 116, haina malipo, na hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mfundishe namba hiyo leo.

Na binti akipata mimba, maisha yake hayajaisha. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu waliokatiza masomo kwa ujauzito kurudi katika shule za kawaida baada ya kujifungua. Mzazi anayemfukuza binti nyumbani anamnyima nafasi ambayo serikali tayari imempa.

Mcheza kwao hutunzwa

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mtu akicheza ngoma ugenini anapigiwa makofi, akicheza nyumbani anatuzwa, kwa sababu nyumbani wanamjua ni mtoto wa nani. Usiku wa Mwenge katika kata yako una faida hiyohiyo. Muuza karanga ni shangazi wa mtu. Askari mgambo alisoma na mdogo wako. Mwalimu yupo, shehe yupo, katekista yupo. Macho ya kumtazama mtoto wako yamejaa uwanja mzima, kama sisi wazazi tukiwepo kuyaamsha. Tusipokuwepo, kila mtu atadhani mtoto yule ana mwenyewe mahali fulani.

Mwaka huu Mwenge ukipita Kilwa, unaweza kukesha Masoko, Kivinje, Somanga, Njinjo au huku kwetu Kipatimu. Ukiwa mbali, msilazimishe. Mwonyesheni watoto unapopita barabarani mchana, nayo ni furaha. Ukiwa karibu, kaeni leo jioni mpange: nani anakwenda na nani, alama yetu ni ipi, saa ya kurudi ni ngapi, somo ameshaitwa au bado. Kisha twendeni tukauone moto wetu.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.